Kutoka Kwata Hadi Jukwaa Kuu: Mwongozo kwa Afande Anayestaafu Nyanda za Juu Kusini

Afande, hongera kwa kustaafu. Kiinua mgongo kimeingia, kombati umezirudisha stoo isipokuwa ile moja ya kulishia nguruwe, na miche ya parachichi uliyopanda kule Rungwe itakuweka miaka mitatu kabla haijazaa. Miaka hiyo mitatu mtu mwenye sauti kama yako hawezi kuimaliza barazani akiwaamrisha kuku. Taifa linakuhitaji. Kama taifa lenyewe halijafahamu bado, mwongozo huu umeandikwa ili lifahamishwe.

Tutapita njia mbili kwa mpigo: siasa na michezo. Usikubali mtu akushauri uanze na moja, nyingine uiache kwa baadaye. Huku kwetu zinakaa nyumba moja na zina mwenye nyumba mmoja. Uwanja wa Sokoine pale Mbeya na Uwanja wa Samora pale Iringa ni mali ya Chama, urithi wa enzi za chama kimoja, wananchi walipojitolea kujenga kwa mali ya wote, na vyama vilipokuwa vingi hati zikabaki zilipokuwa. Kwa hiyo ukikaa jukwaa kuu kutazama mpira umekaa sebuleni kwa wanasiasa, na ukienda kikao cha wanasiasa utasikia wakizungumzia mpira. Samora mwenyewe alikuwa mpiganaji aliyekuwa rais, kisha akawa uwanja. Wewe tutakuombea uishie hatua ya katikati, au walau jirani yake.

Kwanza: staafu kweli

Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa kura anapiga. Usijaribu kuizunguka. Na usinung'unike mbele za watu kwamba ulichelewa kuzaliwa, hata kama ni kweli.

Maana wenzako walikuta mteremko. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi. Mwalimu akalivunja jeshi lile, na Septemba mwaka huohuo JWTZ ikaundwa, vijana wengi wakitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Kuanzia hapo hadi 1992 chama kilikuwa ndani ya geti: matawi kambini, makamisaa wa siasa, na jeshi zima likihesabiwa kama mkoa wa chama. Mkuu wa majeshi wa kwanza, Mrisho Sarakikya, alipotoka jeshini alikabidhiwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Jakaya Kikwete alifundisha siasa Monduli, akawa naibu waziri 1988, mbunge wa Bagamoyo 1990, na alipovua gwanda 1992 akiwa Luteni Kanali tayari alikuwa waziri. Abdulrahman Kinana alitoka na ukanali wake, akaja kuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Mashariki na baadaye Katibu Mkuu wa CCM. Kapteni John Komba yeye alipita na kwaya, akatua bungeni kwa kiti cha Mbinga Magharibi. Hawa wote hawakuvuka mto wowote kati ya kambi na siasa, kwa sababu mto haukuwepo.

Kwako upo. Daraja lake linaitwa mkeka: ile orodha ya uteuzi inayotoka Ikulu, mara nyingi wakati watu wameshakula. Kwenye mkeka cheo chako hakifi, kinaongezewa tu mabano ya "mstaafu". Brigedia Jenerali mstaafu Nicodemus Mwangela aliteuliwa mkuu wa mkoa wa Songwe 2018, mkoa uliomegwa Mbeya miaka miwili kabla. Kagera walipata Meja Jenerali, kisha Brigedia Jenerali. Basi simu yako iwe na chaji usiku, na salamu za pongezi kwa walioteuliwa uzitume wewe wa kwanza, hata kama jina lako limerukwa. Hasa kama limerukwa.

Pili: jifunze kuzungumza na watu ambao hawajapangwa mstari

Hili ndilo litakalokusumbua. Ukifika Iringa anza na "kamwene", ukifika Mbeya maliza na "ndaga fijo", na katikati usiseme kitu kirefu. Pale Iringa usijigambe kwamba umeishi Lugalo miaka ishirini. Mzee wa Kihehe atakuuliza Lugalo ipi, kwa sababu ya kwake ni ile ambako jeshi la Mkwawa lilikivizia kikosi cha Zelewski tarehe 17 Agosti 1891 na kukimaliza. Ya kwako ni kambi ya Dar es Salaam, Colito ile ile, iliyopewa jina hilo baada ya maasi. Mzee atakupigia hesabu ya nani kati yenu ana historia ya kijeshi, na utashindwa kwa mabao mengi.

Mbeya ni kazi zaidi. Huu ni mji uliompeleka bungeni msanii wa hip hop, Joseph Mbilinyi, maarufu Sugu, mwaka 2010 na kumrudisha 2015, huku Iringa Mjini wakifanya vivyo hivyo kwa Mchungaji Peter Msigwa. Watu wa namna hii hawatikiswi na sauti nene. Mama wa Mwanjelwa aliyeamka saa kumi kupokea magunia ya viazi kutoka Uyole hana habari na nyota za mabegani. Ukimwambia "mguu sawa" atakuuliza unanunua au hununui.

Dawa yake ni michezo. Mtu asiyekuja kwenye mkutano wako wa hadhara atakuja uwanjani, atalipa kiingilio mwenyewe, na atakuvumilia dakika kumi za hotuba kwa sababu anasubiri mpira uanze. Hakuna mkutano wa kampeni wenye masharti mazuri kiasi hicho.

Tatu: chagua timu, na hapa usiharakishe

Wastaafu wengi wanaharibikia hapa. Wanaivamia timu inayoshinda.

Chukua Mbeya City. Ni timu ya halmashauri ya jiji, na ilipopanda Ligi Kuu ilimaliza msimu wa 2013/14 ikiwa ya tatu, juu ya Simba. Jiji zima lilivaa zambarau. Msimu ule kila mwenye suti Mbeya aligundua kwamba utotoni alicheza namba kumi. Mwaka 2023 timu ikashuka daraja, na wale wachezaji wa namba kumi wakakumbuka kwamba wana mashamba Kyela. Ubaya wa timu ya halmashauri ni kwamba bajeti yake inajadiliwa na madiwani, na diwani ana haki ya kuuliza swali la nyongeza.

Tanzania Prisons, ya jiji hilohilo, iko salama zaidi lakini haikufai: ni ya Magereza, wana sare zao na wakubwa wao. Utakuwa afande mgeni kwenye gwaride la watu.

Tukuyu Stars ni nzuri kwa mtu anayependa kumbukumbu. Banyambala walitwaa ubingwa wa Bara 1986, msimu wao wa kwanza kabisa daraja la juu, jambo ambalo watu wa Rungwe watakusimulia hata ukiwa umeuliza njia ya kwenda Kyela. Gharama yake ni ndogo, maana unatakiwa tu kutangaza kila mwaka kwamba utairudisha ilipokuwa. Hakuna atakayekudai tarehe.

Lipuli ya Iringa itakufundisha namna ya kupanga safari. Wanapaluhengo walipanda 2017. Juni 2019 walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Azam, uwanja wa Ilulu, Lindi, wakafungwa moja bila. Mwaka uliofuata wakashuka. Kiongozi mwenye akili alikwenda Lindi, akapiga picha na kombe kabla halijatolewa, na msimu wa kushuka akawa na semina ndefu Dodoma.

Lakini somo kubwa kuliko yote linatoka Mbarali. Ihefu, timu ya wakulima wa mpunga wa Ubaruku, tarehe 29 Novemba 2022 iliifunga Yanga mabao mawili kwa moja na kukata mnyororo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Kelele za siku ile zilivuka Igawa. Haikupita muda mrefu timu ikahamia Singida, na 2024 ikabadili hata jina ikawa Singida Black Stars. Wewe katika utumishi wako wote umewahi kuhamishwa kwa kasi hiyo? Hata ulipohamishwa walikuachia jina. Kwa hiyo kabla hujaahidi kufa na timu, uliza kwanza nani ana cheti cha usajili, na mwenye cheti anakaa wapi.

Nne: kuwa mlezi, usiwe mwenyekiti

Mwenyekiti huchaguliwa. Mlezi huombwa. Hapo ndipo tofauti ya maisha yote ilipo.

Mwenyekiti wa chama cha soka cha mkoa, kiwe MREFA ya Mbeya au IRFA ya Iringa, anajaza fomu, anasailiwa na kamati ya uchaguzi, anawekewa pingamizi na mtu aliyekula naye chakula cha mchana, kisha anasimama mbele ya wajumbe. Na baada ya kura za maoni za CCM za Julai 2020 nchi nzima ilijifunza kusema kwamba wajumbe si watu. Wanakula, wanakukumbatia, wanakuita baba, na sanduku likifunguliwa unakuta kura yako na ya dereva wako. Wakati mwingine hata ya dereva haimo. Ngazi ya taifa wameona ni bora kupunguza maumivu: uchaguzi wa TFF wa 2021 kule Tanga ulifika siku yake ukiwa na mgombea urais mmoja tu, wengine wakiwa wamekwama kwenye masharti, likiwemo la kudhaminiwa na wanachama.

Mlezi hana masharti. Hakaguliwi hesabu, hasaini hundi, hapigiwi kura ya kutokuwa na imani. Timu ikishinda ni "chini ya ulezi wake". Ikifungwa, mwenyekiti aeleze. Mlezi anatajwa wa kwanza baada ya itifaki kuzingatiwa, anapewa kiti chenye kitambaa, na maji yake ni ya chupa.

Kuna mtu mmoja unayetakiwa kumfahamu hapa, nitamtaja haraka kwa kuwa naye hutajwa haraka: afisa michezo wa wilaya. Yeye ndiye anajua watoto wa UMITASHUMTA wanalala kwenye madarasa gani na nani ana mpira wenye upepo. Baraza la Michezo la Taifa (BMT) lipo kwa sheria tangu 1967, na kazi zake nyingi wilayani huishia mezani kwa huyu bwana asiye na gari. Mpe lifti siku moja. Atakuambia mambo ambayo hayamo kwenye taarifa uliyoandaliwa, na utashika tama hadi Makambako.

Tano: anzisha kombe lenye jina lako

Mshindi wa kwanza ng'ombe, wa pili mbuzi, wa tatu seti ya jezi. Jezi ziwe na sura yako mgongoni. Kifuani hapana, watu watasema unajitangaza. Michuano ianze ngazi ya kijiji ili upate sababu ya kufika kila kijiji, na fainali iangukie mwaka ambao, kwa bahati tu, una uchaguzi. Kwa upande wa Iringa usiweke mechi kubwa wakati ulanzi umekolea. Waamuzi watakuwa wengi kuliko wachezaji.

Ahidi pia fedha kwa kila bao. Tangu Rais Samia aanze kununua mabao ya Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika mwaka 2023, milioni tano kwa bao, hakuna kiongozi anayeweza kusimama na mikono mitupu. Wewe sema "goli la Afande, elfu hamsini". Chagua timu yenye ulinzi imara na washambuliaji wa wastani.

Sita: ukae mbali na chumba cha kubadilishia nguo

Najua utaingia. Wote huingia. Basi walau usirudie mazungumzo ambayo husimuliwa huku kwetu kila msimu, yakibadilishiwa afande tu:

"Kocha, yule beki wako wa kushoto mbona kila saa yuko mbele?"

"Afande, mpira wa sasa mabeki wa pembeni wanapanda, wanasaidia mashambulizi."

"Nani kalipokea lindo lake?"

"Kiungo anashuka kumfunika, mzee."

"Kwa maandishi?"

Kocha akacheka, akidhani ni utani. Kipindi cha pili beki alibaki kwenye lindo, bao halikuingia upande wowote, na afande akaondoka uwanjani akiamini amegundua kitu.

Yapo mabaya zaidi ya hayo. Jirani zetu Burundi, rais wao marehemu Pierre Nkurunziza, mpiganaji wa msituni aliyewahi kuwa mwalimu wa michezo, alikuwa na timu yake ya Haleluya na alicheza mwenyewe. Mwaka 2018 timu hiyo ilikutana na timu ya Kiremba, wapinzani wakamkaba rais kama wanavyokaba mtu yeyote, akaanguka mara kadhaa, na viongozi wawili wa eneo hilo wakajikuta mahabusu. Idi Amin naye, bingwa wa ngumi wa Uganda tangu enzi za jeshi la mkoloni, katikati ya vita vya Kagera alitoa wazo kwamba yeye na Mwalimu wamalizane ulingoni, mwamuzi awe Muhammad Ali. Mwalimu alikuwa na shughuli nyingine.

Njia ndefu, ambayo siipendekezi

Uaminifu unanidai nikuambie kwamba kuna wanajeshi waliopita kwingine. Filbert Bayi, askari wa JWTZ, alikimbia mita 1500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, akaongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe, 3:32.16, rekodi ya dunia. Ndipo baadaye akaja kuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania. Kanali Iddi Kipingu aliiongoza Makongo Sekondari, shule ya jeshi, hadi jina la shule likawa sawa na vipaji vya michezo, kabla hajawa mwenyekiti wa BMT. Meja Jenerali Francis Nyangweso wa Uganda alipigana ngumi kwenye Olimpiki ya Roma 1960, akawa mkuu wa jeshi na waziri wakati wa Amin, akaongoza kamati ya Olimpiki ya nchi yake kwa miaka mingi na kuingia IOC 1988. Historia yake ya utawala inaweza kubishaniwa, ya ulingoni haibishaniwi.

Hata Kikwete, ambaye hakukimbia mbio za dunia, alipoingia Ikulu aligharamia kocha: Marcio Maximo alikuja kutoka Brazil 2006, na Taifa Stars ikafika CHAN ya 2009 kule Ivory Coast. Kulipa mshahara wa mtu anayejua kazi, kisha kukaa pembeni, ni mbinu iliyojaribiwa. Lakini ona kasoro zake: inachukua miaka, inagharimu fedha za kweli, na picha wanapiga wachezaji. Kwa mtu mwenye miaka mitatu ya kusubiri parachichi haifai.

Saba: usivunje kitu chenye uhusiano na Zurich

Siku moja utakasirika. Chama cha soka kitakuwa na makundi mawili, kila moja na mhuri wake, na mkono wako wa zamani utataka kuvunja uongozi, kuteua kamati ya muda na kufunga ofisi. Jizuie. Waziri wa michezo wa Kenya alivunja shirikisho la soka Novemba 2021, na Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi nzima. Harambee Stars ikakaa benchi hadi Novemba mwaka huo. Kumweka ndani mtu saa 48 ni uwezo uliopewa mkuu wa mkoa na sheria, kwa masharti yake. Ila huwezi kuiweka ndani FIFA. Wengine walisahau kusoma hayo masharti pia, lakini hilo si somo letu la leo.

Badala ya kuvunja, unda kamati ya kuchunguza. Ipe hadidu za rejea, ipe posho, ipe wiki mbili. Ripoti ikiletwa ipokee mbele ya kamera ukiwa umesimama, ishike kwa mikono miwili, sema "tutaifanyia kazi", kisha ifungie kwenye kabati lile lenye ripoti ya kamati iliyopita.

Nane: ukihamishwa

Na utahamishwa, afande. Mkeka mwingine utatoka, Mbeya atapewa mwenzako, wewe utapangiwa kwingine au utapangiwa kazi nyingine, kauli ambayo umri wako unatosha kuielewa. Usiage kwa machozi. Andaa makabidhiano kama ulivyozoea ghalani: mipira minne, mmoja hauna upepo, seti za jezi mbili zenye picha ya mgongoni isiyofutika, barua za Bodi ya Ligi, ambazo hazijafunguliwa, ahadi ya basi la timu, ipo kwenye video, mbuzi wa mshindi wa pili wa kombe lako, bado anadaiwa na vijana wa Mufindi. Deni la gari lililoipeleka timu ugenini liandike kwa penseli, upande wa mrithi wako, na umwombe asaini kabla hajavaa miwani.